Tunaamini kwa Sababu, au kwa Kuwa Tumezaliwa Tukakuta?



Leo tuyaache kidogo mambo ya hina, singo na rangi za gauni. Kuna suali linaulizwa chini chini kwenye vyumba vya kupambia maharusi, mlango ukishafungwa na wakubwa wakitoka: hivi kuamini kwamba Mungu yupo kuna ushahidi wowote wa akili, au ni mazoea tu? Tutalisema tukiwa na Masasi na Newala kichwani. Huko ndiko tunakopeleka mizigo ya nguo za harusi kila msimu wa korosho, na huko ndiko tulikoona kwamba jibu la "ndivyo tulivyokuta" halifiki mbali.

Hapa kwetu visiwani jibu hilo linapita kirahisi. Jirani ni Muislamu, mwenye duka ni Muislamu, adhana inasikika kila upande. Masasi si hivyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka hapa Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakatembea kutoka pwani ya Lindi hadi Masasi, wakaanzisha kijiji cha Kikristo chini ya ile milima ya mawe. Uislamu nao ulipanda kutoka Lindi na Mikindani kwa wafanyabiashara na walimu wa vyuo, na ukashika vijiji vingi miaka ya baada ya vita vya Maji Maji. Matokeo yake leo, katika ukoo mmoja wa Kiyao, Kimakua au Kimakonde utamkuta Asha na Anna, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, wanapika pamoja siku ya harusi. Asha akisema "mimi naamini kwa sababu nimezaliwa nikakuta," Anna naye atasema maneno hayo hayo. Sasa? Kama kuzaliwa ni ushahidi, basi unamshuhudilia kila mtu kwa chochote alichokikuta. Na wala si lazima tuende Masasi kulijua hili. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara, inawalaumu waliosema watafuata walichowakuta nacho baba zao, hata kama baba hao hawakuwa wakifahamu kitu.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Ndiyo, imani ya kuwa Mungu yupo ina hoja za akili, na hoja nzuri. Ila nyingi tunazopeana wenyewe kwa wenyewe ni mbovu, na zile mbovu zinaziharibia jina nzuri.

Tuanze na mbovu. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliwaacha watu wa kusini na njaa na makaburi. Watu walikuwa wameambiwa dawa ya maji itageuza risasi kuwa maji, na risasi hazikugeuka. Mwaka uliofuata, 1908, ikaenea barua kutoka Lindi na pwani yote, inayojulikana kama Barua ya Makka. Ilisimulia kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (S.A.W.) Madina, ameota ndoto, kwamba Kiyama kimekaribia na watu watubu. Misikiti ilijaa, na serikali ya Wajerumani iliingia wasiwasi mkubwa ikidhani ni maasi mengine. Wapenzi, barua hiyo mnaijua. Inatufikia mpaka leo kwenye simu, jina ni lile lile la Sheikh Ahmad, imeongezwa tu kwamba ukiwatumia watu 20 utapata habari njema na ukiipuuza utapata msiba. Zaidi ya miaka 100 huyu Sheikh Ahmad anaota ndoto ile ile! Ziko na picha za nyanya iliyokatwa ikaonesha jina la Mwenyezi Mungu, na sauti eti zimenaswa kaburini. Mtoto wa sekondari akigundua kwamba ile sauti ni uongo, hatasema "shangazi kanitumia uongo." Atasema "dini ni uongo." Kila anayesambaza vitu hivi akidhani anapata thawabu angelifikiria hilo.

Hoja ya pili ni ile inayopendwa sana kwenye darsa za wanawake, na watu wakijua sisi ni washonaji hutugeukia kabisa: gauni halijishoni, basi na ulimwengu haukujiumba. Tunaipenda, na tumeisikia tangu chuoni. Lakini sisi tunaokaa nyuma ya cherehani tunaijua kasoro yake. Ukiona gauni unajua lina fundi kwa sababu umeshaona mafundi wakishona magauni. Ulimwengu hakuna aliyeuona ukishonwa. Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, aliwabana watu kwa hoja ya namna hii karne ya 18. Halafu Darwin mwaka 1859 akatoa njia ya kueleza jinsi viumbe vinavyofaana na mahali pao pole pole, bila mkasi wa mtu unaoonekana. Mtu anaweza kujibu kwamba hata njia hiyo ya pole pole inahitaji kanuni, na kanuni nazo zimetoka wapi. Jibu hilo lina maana. Lakini hapo hoja si ya gauni tena, imeshakuwa nyingine. Kijana aliyesoma ukimpa ile ya gauni peke yake atakuacha barazani unashangaa.

Tunayoishika sisi ni ya kukopa. Fikiria bi harusi anataka mita tano za lesi. Fundi wa kwanza hana, anasema atakopa kwa jirani. Jirani hana, atakopa kwa wa tatu, na wa tatu vile vile. Panga mafundi kumi, panga elfu, panga wasio na mwisho: kama kila mmoja ni wa kukopa tu, lesi haifiki mezani. Ukiikuta mezani, basi yupo aliyekuwa nayo bila kukopa. Sasa angalia vitu vyote unavyovijua. Wewe ulikuwa huna kuwepo, ukapewa. Mama yako vile vile, mnazi, bahari, jua. Kila kimoja kinakuwepo kwa azima. Ibn Sina alilieleza jambo hili takriban miaka 1000 iliyopita, kwamba vilivyopo vya kuwezekana vinahitaji Aliyepo kwa lazima. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hakukubaliana na Ibn Sina katika mambo mengi, lakini naye alijenga hoja yake kwamba kila kilichoanza kina kilichokianzisha, na ulimwengu umeanza. Na Suratut Tur inauliza suali hilo hilo kwa maneno machache sana: watu wameumbwa pasipo kitu, au wamejiumba wenyewe? Jubayr bin Mut'im alipoisikia sura hii kwenye sala ya magharibi Madina alikuwa bado hajasilimu, alikuja kwa shughuli ya mateka wa Badr, na alisimulia baadaye kwamba moyo wake ulikaribia kuruka.

Mtoto atauliza, basi nani kamuumba Mungu? Usimpige kofi. Mwambie kwamba anauliza ni nani aliyemkopesha yule asiyekopa, na mpe muda alifikirie. Mtu mzima atakuja na zito zaidi: kwa nini huyo asiyekopa usiwe ulimwengu wenyewe? Hapa tunasema kwamba ulimwengu ni jumla ya hivyo hivyo vinavyokuja na kuondoka, na rundo la wakopaji haligeuki tajiri kwa kuwa kubwa. Mwaka 1931 Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyekuwa mwanafizikia, alipendekeza kwamba ulimwengu ulianza kutoka hali moja ndogo iliyosongamana sana, na wanasayansi wengi leo wanakubali kwamba umekuwa ukitanuka kutoka hali kama hiyo. Tunalitaja kwa tahadhari. Usiifunge imani yako kwenye kitabu cha sayansi cha mwaka huu, maana vitabu hivyo vina desturi ya kurekebishwa.

Na hoja hii inakufikisha mlangoni tu. Haikuambii sala tano wala mahari. Hayo yana njia yake, ya kumchunguza Mtume na kile alichokuja nacho.

Newala kuna mahali panaitwa Shimo la Mungu. Ni ukingo wa nyanda za juu za Makonde, ardhi inakatika ghafla chini ya miguu yako, na kule mbali unaona bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji. Wageni hupiga picha, wakasema "subhanallah," wakaondoka. Hatuwakatazi. Lakini kwetu ushahidi haupo kwenye lile shimo, upo kwenye maji. Huko juu hakuna mito. Udongo ni wa mchanga, mvua inanyesha, inazama, haionekani tena. Kisha inatokea kwenye chemchemi chini ya miteremko, mbali. Mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alipokaa Newala mwaka 1906 aliwakuta watu wakishuka mabondeni kuyafuata na kupanda nayo, na kazi hiyo iliwaelemea wanawake kwa miaka mingi hata baada ya hapo, mpaka pampu zilipokuja, na siku pampu zikikwama wanajua shida yake. Bibi yeyote wa Newala angekuambia kwamba maji ya bondeni ni mvua ya juu. Hajayaona yakipita chini ya ardhi. Kayajua kwa athari zake, na akili yake haikumdanganya. Tusiambiwe basi kwamba kisichoonekana kwa macho hakiwezi kujulikana. Tofauti ipo, tunaikubali: maji ukichimba utayafikia, na Mwenyezi Mungu hachimbwi. Tunalosema ni kwamba namna ya kufikiri, kutoka kwenye alama kwenda kwenye kisichoonekana, ni ya kila siku na inaaminika.

Sasa lililo gumu. Watu wale waliotembea na Steere mwaka 1876 walikuwa watumwa kwa nini? Wengi waliosafirishwa kuja Unguja walitoka nchi za Ruvuma na Nyasa, kupitia Kilwa, na walionunua na kuuza wengi wao walikuwa wakisali. Kijana wa Masasi akikuambia "Mungu wenu alikuwa wapi?" usimjibu kwa hasira, ana haki ya kuuliza kwetu kuliko kwa watu wengine. Lakini tumsikilize vizuri anachosema. Hasemi kwamba utumwa haumpendezi, kama mtu asiyependa rangi ya zambarau. Anasema ulikuwa dhulma, kweli kabisa, hata kama Sultani na soko zima la Mkunazini walikubaliana kwamba ni biashara. Basi iko haki iliyo juu ya Sultani na juu ya soko. Imetoka wapi, kama tumetokea tu kwa bahati? Sisi tunaona hasira yake inamsogeza karibu na Mwenye haki, ingawa yeye anadhani inampeleka mbali.

Haya hayamalizi kila kitu. Usiku wa meli ya Spice Islander, Septemba 2011, walipokufa watu zaidi ya 200 njiani kwenda Pemba, watoto wengi wakiwemo, hakuna hoja ya Ghazali iliyomtuliza mama yeyote ufukweni Nungwi. Akili inaweza kusema kwamba sisi hatuoni kitambaa chote, kwamba kuna siku ya hesabu. Mengine ni kilio na subira, na anayejifanya ana jibu kamili mbele ya jeneza la mtoto tungependa anyamaze.

Kwa nini tumeyaandika kwenye ukurasa wa maharusi? Kwa sababu yako mambo ya ndoa ndani yake. Msimu uliopita bi harusi mmoja wa Masasi alituambia, tukimpima, kwamba mchumba wake amerudi kutoka masomoni hasali, na anasema haoni ushahidi kwamba Mungu yupo. Kungwi alimwambia anyamaze, mwanamume akishaoa hutulia. Sisi hatukubaliani na kungwi. Muislamu mwanamke hawezi kufungishwa nikaha na mwanamume asiyeamini, hili si la kulifunika kwa kanga mpaka siku ya harusi ipite. Lakini mwenye shaka na mwenye kukanusha si kitu kimoja. Masahaba walimwendea Mtume wakamwambia wanapitiwa na mawazo ambayo wanaogopa hata kuyatamka, akawaambia hiyo ndiyo imani iliyo wazi, na hadithi hii imo kwenye Sahih Muslim. Nabii Ibrahim mwenyewe aliomba aoneshwe maiti wanavyohuishwa, si kwa kutoamini, bali moyo wake utulie.

Basi muulize kabla kadi hazijachapwa. Muulize anatafuta au ameshafunga. Anayetafuta mtafutie shehe aliyesoma elimu ya itikadi na anayeweza kukaa saa mbili bila kupandisha sauti. Wapo, Lindi wapo, Masasi wapo, hapa Unguja wapo. Walii wako awepo. Aliyefunga kabisa, mwachie posa yake kwa heshima, na gauni tutalipunguza au kulipanua kwa atakayekuja. Hatutozi kwa hilo.

Wabillahi tawfiq.