Ishara Ikitimia, Bado Mpime

Na Rehema Mwakyusa

Tangu Aprili 2023, makaburi ya msitu wa Shakahola, Kilifi, yalipoanza kufukuliwa, swali limekuwa lile lile: wasoma Biblia walikubalije kufunga hadi kufa? Miili zaidi ya 400 ilitolewa humo, watoto wakiwamo. Mchungaji wao, Paul Mackenzie, amekana mashtaka. Hilo ni la mahakama. Letu sisi waumini ni kujua Maandiko yalikwisha kutuonya nini.

Wengi humtambua mwalimu wa uongo kwa fedha, na hawakosei. Mika aliwakemea manabii waliomtabiria amani aliyewalisha na kumtangazia vita asiyewapa kitu. Didake, kijitabu cha Kanisa la mwanzo, kilisema mtume msafiri akikaa siku tatu, au akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Lakini yupo asiyetaka hata shilingi yako. Anataka uwatoe watoto shule, usiende hospitali, uwakimbie ndugu zako. Huyo ananitisha zaidi.

Natamani Kumbukumbu la Torati sura ya 13 isomwe katika kila kanisa. Musa anamtaja nabii ambaye ishara yake inatimia kweli kweli, na bado watu wanakatazwa kumsikiliza, kwa sababu anawavuta kwa miungu mingine. Kwa hiyo ushuhuda wa kiwete aliyesimama hauwezi kufunga mjadala kuhusu kinachofundishwa. Naye Paulo alimwandikia Timotheo kuhusu watu watakaokataza ndoa na vyakula alivyoviumba Mungu. Onyo hilo lina karibu miaka 2,000, nalo limo katika Biblia zetu zote.

Kinachotufunga midomo ni ule msemo kwamba mpakwa mafuta wa Bwana haguswi. Zaburi ya 105, unakochukuliwa, inasimulia jinsi Mungu alivyowakemea wafalme wasiwadhuru kina Ibrahimu walipokuwa wageni ugenini. Haimkatazi muumini kuuliza. Watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyosema ni kweli, na Luka anawasifu kwa hilo.

Basi muulize mchungaji wako mbele ya wazee wa kanisa: fungu hili umelielewaje? Nani anakagua hesabu? Nani ana mamlaka ya kukuondoa? Akijibu kwa laana, washike watoto wako mkono mtoke, hata kama jana aliponya mgonjwa.