Baba yake Belle hakuwa amebuki meza

Mtaje Disney World mbele ya mtu aliyewahi kwenda, au anayepanga kwenda, uone atakachokuuliza. Hataanza na bei ya tiketi. Atauliza: mgahawa umeubuki siku ngapi kabla? Na jibu analo mwenyewe, analitoa kwa sauti ya mwalimu wa zamu: siku 60, alfajiri, kidole kiwe juu ya simu. Ukichelewa, shauri yako.

Jibu hilo kwa hesabu ni sahihi. Kwa mambo mengine yote nalipinga, na napinga zaidi ile tabia ya kuligeuza kuwa sifa njema, kana kwamba asiyejua atakula nini miezi miwili ijayo ni mzembe asiyewapenda watoto wake.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kabla ya UVIKO-19, Walt Disney World ya Florida ilikuwa inafungua nafasi za meza siku 180 kabla. Nusu mwaka, jamani! Mwezi wa kwanza ulitakiwa ujue kwamba Jumanne fulani ya mwezi wa saba, jioni, utakuwa na hamu ya nyama ya kuchoma. Baadaye siku zikashushwa hadi 60 na watu wakashangilia. Ila kuna kijisehemu watu hukipita haraka: mgeni anayelala kwenye hoteli za Disney, akifikisha siku 60 kabla ya kuwasili, anaruhusiwa kubuki kwa mkupuo mmoja hadi siku 10 za safari yake. Maana yake meza ya siku yake ya kumi anaikamata siku 69 kabla, wakati wewe uliyechukua chumba cha bei nafuu mjini bado hujafunguliwa mlango. Kwa hiyo hata hizo 60 si 60 za wote.

Sasa tuje kwenye hadithi, kwa sababu hicho ndicho kinachouzwa pale. Ndani ya Magic Kingdom kuna mgahawa uliofunguliwa mwaka 2012, umejengwa kama kasri la yule Mnyama wa hadithi ya Belle. Unaitwa Be Our Guest. Yaani karibu, uwe mgeni wetu. Na ni miongoni mwa meza ambazo washauri wetu wa alfajiri wanakuonya usithubutu kuzifuata bila kubuki.

Tumrudie Beaumont, aliyeichapisha hadithi hiyo kwa ufupi mwaka 1756. Baba yake Belle, mfanyabiashara aliyefilisika, anapotea njia usiku kwenye theluji. Anakuta kasri liko wazi, moto unawaka, meza imejaa chakula, na sahani ni moja tu. Anamsubiri mwenyeji mpaka saa tano ya usiku. Njaa inamshinda, anamla kuku huku anatetemeka. Hakuna aliyemdai namba ya uthibitisho. Tena asubuhi Mnyama anapomkasirikia, kosa ni waridi alilochuma. Kuku hadaiwi.

Na Cinderella? Kwa Perrault, mwaka 1697, waalikwa ni watu wenye vyeo. Yeye anatokea tu, hakuna anayemjua, na mwana wa mfalme anatoka mwenyewe kumpokea. Anapewa machungwa na malimau, na bado anawagawia dada zake. Leo kasri la binti huyo lina mgahawa, Cinderella's Royal Table, na wewe ukitokea pale mlangoni hivyohivyo utaambiwa kwa tabasamu zuri kwamba meza zimejaa.

Hadithi zote mbili zinasimama juu ya mgeni asiyetarajiwa. Kampuni imechukua kasri, imechukua gauni, imechukua mpaka vinara vya mishumaa, ikakiacha nje kitu pekee kilichoisukuma hadithi isonge mbele.

Mtu ataniambia: wacha fasihi, mtoto analia na jua la Florida la mwezi wa saba halina huruma. Ni kweli. Mama mwenye watoto watatu ana haki ya kujua watakaa wapi saa moja jioni. Sipingi kubuki, napinga umbali. Umbali unachuja watu. Ndugu wa Dar au Nairobi anayetaka kumtembelea dada yake Orlando hana tarehe mpaka pasipoti itoke ubalozini ikiwa na viza ndani. Nesi, mlinzi, mpishi wa zamu, ratiba yake inaweza kutoka wiki moja kabla. Watu hao hawana uvivu wa kupanga. Kalenda yao inashikwa na mtu mwingine. Siku 60 ni kipimo cha nani anaimiliki kesho yake, halafu tunakiita nidhamu.

Na kinajaza meza kwa hofu. Kwa migahawa mingi pale unaweza kufuta nafasi hadi muda wa saa 2 kabla bila kulipa kitu. Usipofuta na usipotokea, unakatwa dola 10 kwa kila kichwa. Basi watu wanakamata meza ya huku na ya kule, wataamua mbele ya safari. Kalenda inaonekana imejaa, mwingine anaona imejaa, anaogopa, safari ijayo na yeye anaamka alfajiri.

Lakini hofu hiyohiyo ndiyo inayozirudisha meza. Mipango inabadilika, watu wanafuta, nafasi zinachomoza jioni ya siku iliyotangulia na asubuhi yenyewe. Kwa hiyo ukiniuliza mimi: buki meza moja tu, ile ambayo mtoto wako ataililia. Nyingine ziache. Angalia simu usiku wa kuamkia siku hiyo, jaribu orodha ya kusubiri ukiwa humohumo ndani, na ukikosa, vyakula vya kaunta vipo tele, unaagiza kwa simu na hakuna anayekuuliza ulipanga lini.

Kampuni nayo ningeiambia siku 7 zinatosha, na fungu la meza liwekwe kando kila siku kwa ajili ya wanaokuja na miguu yao tu. Kama hilo ni zito, basi angalau pale kwa Mnyama wabadilishe jina la mgahawa.