Kipimajoto kikisoma 101.3, mtoto ana homa kiasi gani?

Mama wa Mwamapalala, mkoani Simiyu, anaweza kununua kipimajoto cha dijitali, akakiweka kwapani mwa mwanawe, kikaonyesha 101.3. Kliniki alifundishwa kuwa homa huanzia 37.5. Je, kifaa ni kibovu?

Kifaa ni kizima. Kinasoma kwa farenhaiti, kipimo kilichobuniwa na Daniel Gabriel Fahrenheit mwaka 1724, ambacho maji huganda yakifika 32 na kuchemka yakifika 212. Zahanati zetu hutumia selsiasi, ambayo wengi huiita sentigredi. Hiyo inatokana na kazi ya Anders Celsius wa Sweden, mwaka 1742. Humo maji huganda kwa 0 na kuchemka kwa 100.

Kubadili ni rahisi, hata kwa kikokotoo cha simu. Chukua namba ya farenhaiti, toa 32, zidisha kwa 5, kisha gawanya kwa 9. Kwa mtoto wetu: 101.3 toa 32 ni 69.3, mara 5 ni 346.5, gawanya kwa 9 unapata 38.5. Hiyo ni homa.

Andika namba hizi ukutani:

98.6 ni 37: kawaida
99.5 ni 37.5: homa imeanza
100.4 ni 38
102.2 ni 39
104 ni 40: homa kali

Usidanganyike kwamba 98.6 na 102.2 zinakaribiana. Ya kwanza ni mtoto mzima, ya pili ni mgonjwa. Ukimweleza muuguzi kwa simu, mtajie namba pamoja na kipimo chake.

Vipimajoto vingi huweza kubadilishwa visome selsiasi. Soma karatasi ya maelekezo, au muulize muuzaji wa duka la dawa akuonyeshe.

Namba haisemi ugonjwa. Homa inaweza kuwa malaria au kitu kingine, hivyo mtoto apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilegea na kuwa mgumu kuamka, mpeleke kituoni mara moja, kipimajoto kisome chochote. Kichanga wa chini ya miezi miwili hasubiriwi: akifika 37.5 (99.5), au akishuka chini ya 35.5 (95.9), apelekwe hapo hapo.