Kazi ya kode toka Kasongo: tusidanganyane

Ndugu vijana wa Kasongo na Kabambare, kila siku tunapokea kwa WhatsApp zile matangazo: jifunze kode miezi tatu, utalipwa dola ukiwa nyumbani. Nyumbani gani? Ile ambamo kuchaji telefone tu ni safari?

Andela ilifungua Lagos 2014, Nairobi 2015, ikaajiri wanaoanza na kuwafundisha. Septemba 2019 iliachisha mamia, hata Kampala, kwani wateja walitaka wenye uzoefu. Na kule umeme na intaneti vipo! Basi cheti cha miezi tatu hakitoshi. Mteja anataka kuona kitu kinachotembea: programu ya hesabu za muuza mchele, ya malipo ya wanafunzi. Anzia hapa sokoni. Kode inaandikwa bila intaneti, mega unazitunza kwa kutuma. Tena Kifaransa tunacho, na wakati wa joto kwao, saa ya Brussels ni saa yetu.

Lakini bidii peke yake haiwashi mashine. Tarehe 31 Desemba 2018 serikali ilikata intaneti nchi nzima, karibu siku 20. Mteja gani wa mbali atakungojea siku 20? Starlink ilipewa ruhusa 2025, sawa, ila nani kati yetu atanunua antena peke yake?

Tunaomba chumba kimoja Kasongo, kimoja Kabambare: umeme wa jua, intaneti, mlango wazi kwa kila kijana. Waheshimiwa wabunge wetu, mtuambie hadharani: ni lini?