Barua ya wazi kwa NACOSTI: utafiti wa ardhi yetu usomeke bila malipo

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI),
Upper Kabete, Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

MINTARAFU: SHARTI LA UCHAPISHAJI HURIA KATIKA LESENI YA UTAFITI

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Kangemi, si mbali na afisi zenu. Nina ombi moja. Leseni ya utafiti iongezewe sharti kwamba kila makala inayotokana na utafiti wa ardhi, maji, hewa na anga ya Kenya iwekwe mahali ambapo Mkenya yeyote anaweza kuisoma bila kulipa.

Uwezo wa kufanya hivyo mnao. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliiunda Tume na kuikabidhi kazi ya kutoa leseni. Mwanajiolojia, awe ametoka chuoni Chiromo au ng'ambo, anatakiwa kuwa na leseni hiyo kabla ya kwenda kuchukua sampuli za mawe Suswa au kupima maji ya visima Lavington. Masharti yake yanamtaka pia awasilishe kwenu ripoti ya mwisho katika muda wa mwaka mmoja baada ya kumaliza kazi. Tume basi inajua nani alitafiti nini, na wapi. Msomaji wa kawaida ndiye asiyefikiwa.

Tafuta mtandaoni makala kuhusu majivu ya volkeno katika Bonde la Ufa. Mara nyingi utaona kichwa, majina ya waandishi na muhtasari wa aya moja, kisha kisanduku chenye bei: dola 30 au zaidi kwa makala moja. Hizo ni zaidi ya shilingi 3,500, na hujui bado kama ndani mna unachokitafuta. Hata jarida lenye jina la bara letu, Journal of African Earth Sciences, linachapishwa na kampuni ya Elsevier yenye makao yake Amsterdam, na makala zake nyingi husomwa na wenye kulipa tu. Mawe yalichukuliwa kwetu, leseni ilitoka kwetu, wenyeji wakawa viongozi wa njia. Kusoma kilichopatikana ndiko tunakouziwa.

Hasara yake inaonekana hapa hapa magharibi mwa jiji. Kilimani, Kileleshwa na Westlands zimejaa maghorofa, na mengi yanategemea visima virefu kwa sababu maji ya mfereji hayatoshi. Visima hivyo vinapita katika miamba ya volkeno, na miamba hiyo hutia floridi majini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Floridi ikizidi hapo kwa miaka mingi, meno ya watoto huota madoa ya kahawia, na ikizidi sana hata mifupa hudhurika. Floridi katika maji ya ardhini ya Nairobi imetafitiwa na kuandikiwa. Lakini msimamizi wa jengo, mchimbaji wa visima na mhudumu wa afya wa mtaani hawana akaunti ya maktaba ya chuo kikuu, na hao ndio wanaoamua familia itakunywa maji gani.

Machi 2018, ardhi ilipopasuka na kukata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, habari zilienea duniani kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Wataalamu wengine walijibu kwamba mvua kubwa ilikuwa imesomba majivu ya volkeno yaliyojaza nyufa za zamani. Wanafunzi wangu walitaka kujua nani asadikiwe. Swali kama hilo hujibiwa kwa kuweka ushahidi mezani, vipimo na ramani, watoto wakapima hoja wenyewe. Mwalimu asiyeweza kufungua makala zenyewe hubaki kuwasomea vichwa vya magazeti.

Nasi tumeshaonja faida ya uwazi. Kwa miaka mingi wahandisi wetu wamekuwa wakienda Iceland kwa mafunzo ya jotoardhi yaliyoanzishwa mwaka 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na Kenya ndiyo iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko nchi nyingine. Ripoti walizoandika huko, nyingi zikiwa kuhusu Olkaria na Menengai, ziko wazi kwa kila mtu, na mhandisi kijana wa Naivasha anaanzia pale mwenzake alipoishia. Angani pia ni hivyo. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Orodha yake ya vyanzo 339 vya eksirei, iliyochapishwa mwaka 1978, inasomeka bure katika hazina ya makala za unajimu inayogharamiwa na NASA. Mwanafunzi wa Kangemi anaweza kusoma kuhusu nyota zilizo mbali mno, huku utafiti wa maji ya Kileleshwa ukiweza kumshinda kwa bei.

Najua pingamizi la kwanza litakuwa gharama. Majarida mengi yanayosomwa bure humtoza mwandishi, na Nature ilipofungua mlango huo mwaka 2021 ilitaka euro 9,500 kwa makala moja. Tangu Kenya ihesabiwe kuwa nchi ya kipato cha kati, wachapishaji wengi hutupunguzia tu ada ambazo nchi maskini zaidi husamehewa zote. Simwombei mtafiti wetu mzigo huo. Wachapishaji wengi wakubwa humruhusu mwandishi aweke katika hazina ya chuo chake nakala ya makala iliyokwisha kupitiwa na kukubaliwa, baadhi yao baada ya miezi kadhaa, na hilo halina ada. Pia yako majarida yasiyomtoza mwandishi wala msomaji, kama Volcanica la elimu ya volkeno, lililoanza mwaka 2018, na Seismica la matetemeko, lililoanza mwaka 2022. Yote mawili huwapa wataalamu wengine makala wazipitie kabla ya kuzichapisha.

Ninachoomba kiandikwe katika leseni ni hiki. Kwanza, nakala iliyokubaliwa iwekwe katika hazina ya wazi katika muda usiozidi miezi 12 baada ya kuchapishwa, pamoja na data zake. Pili, ripoti za mwisho mnazopokea ziwekwe wazi pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja. Tatu, habari zinazoweza kuhatarisha jamii au mtu binafsi zizuiliwe kwa sababu iliyoandikwa, ili kuzuia kusiwe desturi.

Hatutakuwa tumezua jambo geni. Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha Pendekezo la Sayansi Huria. Agosti 2022 serikali ya Marekani iliagiza utafiti unaogharamiwa na kodi za raia wake usomeke bure bila kungoja. Katiba yetu, Kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na ripoti zilizo mikononi mwa Tume ni habari za namna hiyo.

Anzeni na sayansi za ardhi, hali ya hewa na anga, kwa kuwa hapo ndipo mafuriko, ukame na maji ya kunywa yanapotugusa sote. Mtafiti anayekuja kwenu mwaka huu anaweza kulitia saini sharti hili pamoja na mengine. Niko tayari kufika afisini na walimu wenzangu tulizungumze, siku yoyote mtakayopanga.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa jiografia,
Kangemi, Nairobi.