Qurayyat na wadi zake: tumuulize nini mjumbe wa baraza la baladia?

Kipindi cha sasa cha mabaraza ya baladia hapa Oman kilianza kwa uchaguzi wa tarehe 25 Disemba 2022, na muda wake ni miaka minne. Kwa hiyo mazungumzo ya nani arudi na nani apumzike yameshaanza, kwenye sabla, kwenye arusi na kwenye makundi ya simu ya ukoo. Hapa Qurayyat swali ninalolisikia zaidi ni hili: fulani katufanyia nini? Wanaoulizwa hujibu kwa kuonyesha taa, matuta ya barabarani, bustani na njia ya kutembelea kando ya bahari.

Mimi si mjumbe na sijawahi kugombea. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa wazee wa kamati ya mtaa, na kazi yetu ni kukusanya shida za watu na kuzifikisha kwa wali, kwa baladia na kwa wajumbe wetu. Nimebeba barua nyingi na nimekaa kwenye viti vya kungojea vingi. Nilichojifunza ni kwamba kwa mji kama wetu swali la "katufanyia nini" ni dogo, na linawasukuma wajumbe kwenye kazi ndogo. Liko jambo kubwa kuliko taa, nalo ni maji yanayoshuka kutoka milimani.

Kwa ndugu zetu walioko Dubai, Doha na Kuwait ambao huenda wanaijua Qurayyat kwa safari ya Ijumaa tu, nieleze kidogo. Qurayyat ni moja ya wilaya sita za muhafadha ya Masqat, pamoja na Masqat yenyewe, Matrah, Bawshar, Sib na Amirat. Sisi ndio tuliotupwa kusini mashariki, mbele bahari na nyuma milima. Mjini watu wanaishi kwa uvuvi na kazi za serikali, na vijijini kwa mitende, maembe na mifugo. Joto letu linajulikana dunia nzima: tarehe 26 Juni 2018 usiku na mchana hapakushuka chini ya nyuzi 42.6, na wataalamu wa hali ya hewa wakaandika kwamba hawajapata kuona usiku wa moto namna ile. Na tunalo bwawa la Wadi Dayqah, lililozinduliwa mwaka 2012, lenye ukuta wa mita 75 na uwezo wa kuhifadhi maji kiasi cha mita za ujazo milioni 100.

Bwawa hilo ni neema kubwa, lakini linazuia wadi moja. Wadi nyingine zinakwenda zitakavyo.

Sauti bila mfuko

Kabla ya kumlaumu au kumsifu mjumbe, tujue kwanza ana nini mkononi. Uchaguzi wa kwanza wa mabaraza haya ulifanyika Disemba 2012, baada ya sheria iliyotolewa kwa amri ya Sultani namba 116 ya mwaka 2011. Sheria mpya ikaja mwaka 2020. Baraza linaongozwa na muhafidh, na ndani yake wanakaa wajumbe tuliowachagua pamoja na wawakilishi wa idara za serikali. Kazi yake ni kutoa rai na mapendekezo juu ya huduma na maendeleo ya muhafadha. Mjumbe hana mfuko wa fedha, hasaini mkataba wa mkandarasi, wala hamwamrishi mhandisi.

Chukua mfano wa sehemu moja tu kijijini ambapo barabara inakatiza wadi na watu wanataka daraja dogo au kalvati. Ikiwa barabara ni kuu, ni ya wizara ya uchukuzi. Ikiwa ni ya ndani, ni ya baladia. Bomba la maji lililopita chini yake ni la kampuni ya Nama. Mambo ya wadi na mabwawa yako kwa wizara ya kilimo, uvuvi na rasilimali za maji. Viwanja vilivyopimwa kando yake vimetoka kwa wizara ya makazi. Mlango mmoja ukifunga, wote wanangoja. Niliwahi kupeleka ombi kwenye idara moja nikaambiwa si lao, nikaenda la pili nikaambiwa nirudi la kwanza. Hapo ndipo mjumbe ana thamani, kwa sababu kwenye baraza wakubwa wa idara hizo wamekaa meza moja, na yeye anaweza kuwauliza mbele ya wenzao: hili ni la nani?

Fedha nazo zimeanza kusogea karibu na watu. Serikali ilipoamua kuzipa muhafadha nguvu zaidi, fungu la maendeleo la kila muhafadha likapandishwa kutoka riali milioni 10 hadi milioni 20. Kwa muhafadha 11 za Oman hiyo ni hatua. Lakini fungu letu sisi ni la muhafadha yenye Sib na Bawshar ndani yake, na huko ndiko waliko watu wengi. Ukipanga kwa idadi ya vichwa, Qurayyat itakuwa nyuma kila mwaka. Ukipanga kwa hatari, mpango unabadilika. Mjumbe wa Qurayyat inampasa aende na hoja ya hatari.

Wenzetu wa Mombasa watasema kwao ni afadhali, kwa kuwa katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na wawakilishi wa wadi za kwao ndio wanaopitisha bajeti. Ni kweli wana meno zaidi. Lakini hata huko anayetumia fedha ni gavana na watu wake, na mwananchi anamlaumu mwakilishi kwa barabara ambayo hakupewa aijenge.

Maji hayasomi ramani

Turudi kwenye wadi. Mwezi Juni 2007 tufani ya Gonu ilipiga pwani yetu. Watu wapatao 50 walikufa Oman, hasara ikahesabiwa kwa mabilioni ya dola, na barabara ya pwani kati ya Qurayyat na Sur ikakatika. Miaka mitatu baadaye, Juni 2010, ikaja Phet. Oktoba 2021 ikaja Shaheen, ambayo kishindo chake kikubwa kilikuwa Batina. Na Aprili 2024 haikuhitajika hata tufani: mvua tu ilitosha kuleta mafuriko yaliyochukua roho za wanafunzi kule Samad al-Shaan.

Mvuvi mzee wa hapa atakwambia wadi ina kumbukumbu. Inaweza kukaa kavu miaka kumi, watoto wakacheza mpira ndani yake, kisha siku moja ikarudi kwenye njia yake ya zamani kana kwamba haikuondoka. Katika miaka hiyo kumi, mtu kajenga ukuta, mwingine kapanda mitende, wa tatu kamwaga kifusi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kila mmoja amepunguza upana wa njia, na maji yanayozibiwa kwa mmoja yanamwingilia jirani.

Hapa nataka niseme na watu wetu waziwazi. Wengi wetu, au wazee wetu, tulirudi kutoka Unguja, Pemba na bara baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani walioko nje. Tulikuja na elimu, na kazi za ualimu, uuguzi na uhandisi. Lakini hatukuja na elimu ya wadi. Kule Unguja mvua ikinyesha unaiona, na mafuriko yanatoka kwenye wingu lililo juu ya kichwa chako. Hapa mbingu inaweza kuwa nyeupe, na maji yaliyoteremka mlimani saa mbili zilizopita yakakufikia ukiwa unanunua samaki. Mama zetu wengine mpaka leo tahadhari za Kiarabu zinazotolewa kwa haraka haziwaingii vizuri, wanangoja mjukuu awafasirie. Kwa hiyo suala la wadi linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani: tuliponunua kiwanja tuliangalia bei na ukaribu na barabara, na hatukumuuliza mzee wa kijiji maji yalipita wapi mwaka 2007.

Kazi isiyopigwa picha

Sasa jiweke mahali pa mjumbe. Ana miaka minne, hana mfuko, na watu wanataka kuona kitu. Akipendekeza taa, zinaonekana usiku uleule zinapowashwa. Akipendekeza kusafisha na kupanua mkondo wa wadi, hakuna atakayeona chochote mpaka mvua ije, na kazi ikiwa nzuri hata mvua ikija hakuna kitakachoonekana, maana hakitaharibika kitu. Nani anapigiwa kura kwa jambo ambalo halikutokea?

Jambo hili si la Qurayyat peke yake. Sisi wenye asili ya Zanzibar tuna mifano yetu. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala mpaka 1888, anakumbukwa zaidi kwa Beit al-Ajaib. Lakini aliyowafaa watu wa mji wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni maji aliyoyaleta kwa mabomba kutoka kwenye chemchem za nje ya mji. Jumba limepigwa picha na kila mgeni, na Disemba 2020 sehemu yake ikaporomoka. Mabomba yalifukiwa ardhini, na aliyekunywa hakuuliza yamepita wapi.

Karibu zaidi na sisi, mradi wa huduma za miji wa Zanzibar, ulioanza mwaka 2011 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulijenga ukuta wa bahari wa Mizingani na pia mitaro mikubwa ya maji ya mvua Ng'ambo. Nikienda nyumbani, ndugu zangu hunipeleka jioni kutembea Mizingani, na wana haki, pamependeza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipeleka kuangalia mtaro. Ila anayekaa Ng'ambo bondeni, ambaye zamani masika alikuwa akilaza watoto juu ya meza, anajua kipi kimemfaa.

Kumwambia ndugu yako hapana

Liko gumu zaidi ya hilo. Mara nyingine kazi bora ya mjumbe ni kuwakatalia waliomchagua. Mtu wa kabila lake anataka kiwanja chake kilicho ukingoni kipitishwe. Jirani anataka ukuta wake usiguswe. Ujamaa wetu ni mzuri katika msiba na arusi, lakini kwenye mkondo wa maji unaweza kuua. Mjumbe anayesema "ami, hapa haifai kujenga, nitakusaidia kuomba badala" atapoteza kura ya nyumba hiyo, na huenda ya ukoo mzima. Tukimwacha peke yake siku hiyo, tusishangae anayemfuata akisema ndiyo kwa kila mtu.

Wapo watakaosema taa na bustani nazo ni haki ya watu, na Qurayyat imengoja mno. Ni kweli. Msichana anayerudi kutoka chuoni magharibi anahitaji taa, na kwenye joto letu kivuli ni huduma ya afya. Wageni wanaojaa Hawiyat Najm na Wadi Dayqah siku za mapumziko wanaacha taka na pia wanaacha riali, na yote mawili yanahitaji utaratibu. Sisemi tuache hayo. Nasema yasitumike kufunika lile ambalo likikosekana watu wanakufa.

Oman ina desturi ya zamani ya kusimamia maji, kabla ya baraza lolote la kuchaguliwa. Falaj ina wakili wake, anayetunza zamu na mapato, na watu wa falaj wana haki ya kujua kilichoingia na kilichotoka. Hakuna anayemuuliza wakili kama ameipamba falaj. Anaulizwa maji yamefika shamba la mwisho au hayakufika.

Basi mgombea akija sablani, tumuulize kwa desturi hiyo. Katika vijiji vya wilaya, barabara zinazokatiza wadi bila kalvati ni zipi, na ipi ianze? Ombi gani ulipeleka barazani, tarehe ngapi, na jibu lilikuwa nini? Likikataliwa, lilikataliwa na nani na kwa sababu gani? Asiyepata alichoomba lakini ana barua zake na majibu yake namwona bora kuliko aliyesimama karibu na taa siku ya kuzinduliwa.

Na sisi tuna sehemu yetu. Mwaka 2022 kura ilipigwa kwa programu ya simu, bila foleni, na bado wengi hawakupiga. Tuwaandikishe vijana wetu. Tuwasaidie mama zetu kupiga kura wenyewe kwa chaguo lao. Mvua ikinyesha tupige picha mahali maji yalipopita, tuandike tarehe na saa, tupeleke kwa mjumbe na tubaki na nakala. Sisi kwenye kamati tumeanza kufanya hivyo, na tumeona kwamba ofisini picha yenye tarehe inasikilizwa kuliko malalamiko ya mdomo. Na anayenunua kiwanja Qurayyat, kabla hajatoa arubuni, amtafute mzee wa mtaa amuulize mwaka 2007 maji yalifika wapi. Atamwonyesha kwa kidole.