Somo la uraibu Machakos lisiishie wodini

Juni 2005, zaidi ya watu 40 walifariki Machakos baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Wengine walinusurika lakini wakapofuka. Mei 2014 balaa kama hilo likazikumba kaunti jirani za Kitui, Makueni na Embu. Kila mara pombe ilimwagwa, wauzaji wakakamatwa, kisha habari ikapoa.

Swali lisiloulizwa sana ni hili: nesi aliyekuwa zamu usiku ule alikuwa amefunzwa nini kuhusu mlevi? Aliyekunywa methanoli huja akiyumba, ananuka pombe, analalamika kwamba haoni vizuri. Ukimchukulia kama mlevi wa kila siku utamwambia akalale, na saa zinazopotea hapo ndizo zinazomnyima macho au uhai. Si methanoli peke yake. Mnywaji wa miaka mingi aliyelazwa kwa mguu uliovunjika hukosa pombe ghafla. Siku ya pili au ya tatu anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kushikwa na kifafa, hata kufa. Wodini ataitwa mkorofi na kufungwa kitandani.

Machakos kuna kampasi ya KMTC, na wanafunzi hupelekwa hospitalini kwa mazoezi. Huko humkuta mraibu katika siku yake mbaya kuliko zote. Hawamwoni akijaribu kuacha kwa mara ya nne, hawaongei na mamake, wala hawakutani na yule aliyeacha miaka 10 iliyopita na sasa anauza mboga sokoni. Ni rahisi wahitimu wakiamini kwamba mlevi haponi.

Sisi wa Pwani tulijifunza kwa machungu. Unga ulipotuvamia, waliofika maskani mapema hawakuwa madaktari. Ni watu wa Omari Project kule Malindi, na Reachout na MEWA hapa Mombasa, wakiwemo waliowahi kuwa mateja wenyewe na wanaoijua arosto. Kliniki ya methadoni ilipoanza Malindi mwaka 2015, ni mashirika ya namna hii yaliyowaandaa wagonjwa na kuwapeleka. Serikali peke yake isingewapata.

Na Machakos haihitaji kuja hadi huku. Jirani yake Makueni, taasisi ya Profesa David Ndetei ya afya ya akili iliwafunza wahudumu wa afya wa jamii, pamoja na waganga wa kienyeji na wa imani, kutambua magonjwa ya akili na kuwaelekeza wagonjwa kituoni. Mwanafunzi anaweza kukaa na watu kama hao wiki kadhaa: aende kwenye mikutano ya waliokwisha kuacha, aongee na mama anayepika chang'aa ili alipe karo. Ila asiende na chifu, maana chifu akitokea kila mtu huwa hanywi.

Wapo watakaosema pombe ni haramu, aliyejitakia ajue mwenyewe. Uharamu wake sina shaka nao. Lakini nesi hakuwekwa pale kutoa fatwa, na mgonjwa aliyetukanwa mara moja harudi. NACADA ilisema mwaka 2022 kwamba Mkenya 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kileo kimoja. Hao ni jamaa zetu. KMTC nayo hupokea vijana kutoka kila kaunti. Anayesoma Machakos leo kesho atakuwa zamu Kisauni.

Ziara ya siku moja ya kupiga picha haitoshi. Somo hili litahiniwe, la sivyo wanafunzi watalikimbia. Chuo na kaunti waandikiane makubaliano na vikundi vya mtaani, na mraibu aliyepona akija kufunza saa 3 alipwe kama mhadhiri mgeni anavyolipwa, si soda na nauli ya bodaboda.